Huku Nusu, Huku Kimya

Waliosema ya kale hayanuki
hawajawahi kuunguza seleni.
Ilinuka Jumanne, nikipanda Museum Hill,
kitunguu saumu kilichooza ndani ya soksi,
kisha taa ya mbele ikawa njano, ikawa hudhurungi,
ikawa hadithi ya taa.
Nikaisukuma BSA hadi Ngara
huku vijana wa boda wakipunguza mwendo kunihurumia:
"Mathe, hiyo peleka kwa vyuma kuukuu!"

Rektifaya yenyewe haizidi ngumi.
Sahani tano zimetungwa kwenye boliti moja
kama chapati zilizosahauliwa tangu Krismasi.
Umeme wa altaneta huenda na kurudi, huenda na kurudi,
kama mimi na lango la dada yangu Kasyoka tangu matanga,
na betri haitaki kitu kinachorudi.
Basi yeye husimama katikati, bawabu asiye na tabasamu:
Wewe pita.
Wewe, hapana.
Pita.

Kirinyaga Road, Gathungu alinifunulia gazeti,
na ndani ya gazeti, gazeti,
na ndani yake sahani tano zenye rangi yake ya kwanza.
"Ya Uingereza. Haijaguswa. Elfu nane."
Mkono wangu ulishataka kuichukua.
Lakini seleni huzeeka hata ikilala,
na nani alale kwenye gazeti miaka sitini
aamke ana nguvu za kubeba mzigo?

Otwoma, mbele kidogo, alikuwa na ya boda, mia tano:
"Inaingia, mathe. Zote inaingia."
Nikamwambia yangu ni volti sita,
na chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi.
Akanitazama kana kwamba nimesema
jua la leo limetokea Ngong.
"Inaingia tu," akasema, kwa sauti ya chini.

Luthuli, ghorofa ya kwanza, nyuma ya kioo chenye nyufa,
Hodhan hakuniuzia kitu. Aliuliza.
Volti ngapi?
Ampea ngapi?
Waya ngapi zinatoka altaneta?
Bodi ni chanya au hasi?
Tangu Mutinda afariki hakuna mtu
aliyeniuliza maswali manne mfululizo
na akasubiri majibu.

Akatoa mraba mweusi, kama kipande cha sabuni ya mti,
miguu minne, tundu katikati.
Daiodi nne zimejengewa daraja humo ndani, alisema.
Akaweka ncha za mita: nusu volti.
Akazigeuza: kimya.
Mguu mwingine. Huku nusu, huku kimya.
"Mia mbili na hamsini. Na usiiache ikining'inia hewani,
itakufa kwa joto. Ipe bati, ikae."

Kipya kinyemi, husema watu.
Mimi sikuona unyemi wowote.
Niliona kitu ambacho Mutinda angekificha,
na usiku ule, kwenye veranda, nikakificha:
nikakifunga kwa skrubu nyuma ya sanduku la spana,
na zile sahani tano nikazisugua kwa brashi ya meno,
nikazirudisha mahali pake bila waya hata mmoja.
Zikae. Zimefanya kazi ya kutosha.

Teke la kwanza, hakuna.
La tatu, kikohozi.
La sita ikanguruma, na sindano ya ammita,
iliyolala kushoto tangu mazishi,
ikatetemeka, ikavuka sifuri, ikaegemea kulia
ikabaki huko.
Taa ikapiga ukuta wa jirani, nikaona
shuka zake zote, na paka.

Kasyoka alitaka iuzwe, ilipe deni la hospitali.
Nililipa kwa shamba la Mwala badala yake,
na hatujasemezana.
Sijui nitamwambia nini. Labda: sikiliza inavyonguruma.
BSA haina indiketa.
Jogoo Road, karibu na kona ya Buruburu,
magari matatu mgongoni mwangu yakinimulika,
nilinyoosha mkono,
nikakata.