Mstari kwa Kikongwe

Bremen, saa tisa usiku, theluji dirishani.
Wiebke amevua viatu. Vifaa kumi na viwili mezani
vinaulizana saa.

Kumi na kimoja vinajibu kwa adabu ya kiwango.
Cha mwisho, kikongwe cha kituo cha umeme cha Vegesack,
kina cheti, kina muhuri,
na kimetangulia sekunde nzima:
ile ya nyongeza hakikuambiwa.

Ibara ya tisa inaagiza: kikataliwe.
Lakini nyuma ya kikongwe kuna hospitali.

Anaandika mstari mmoja wa msimbo,
kama unavyompazia sauti mzee
bila kumwambia hasikii.

Kikongwe anajibu.

Sasa wote wanakubaliana ni saa ngapi,
isipokuwa tumbo la Wiebke
linaloshikilia kwamba kumekucha.