Viti Kumi na Tisa

Viti kumi na vinne ni vyetu.
Vitano tunaazima kwa Don Eliseo, muuza majeneza,
ambaye hatozi kitu, ila anataka virudi
usiku huohuo, vikavu,
maana kufa hakungoji mashairi.

Ndivyo inavyoanza Alhamisi hapa Lota:
mimi na Ismenia, kiti huku kiti huku,
tunavuka barabara kwenye mvua
hadi chumba kilicho nyuma ya tanuri la mtaa,
ambako ukuta una joto mpaka usiku wa manane
na karatasi hazishiki unyevu.

Mimi ndimi mweka hazina.
Hazina yenyewe ni kopo la maziwa ya unga.
Mwaka huu lina pesa ya gundi, pesa ya sukari,
na barua ya manispaa niliyoikunja mara nne,
isemayo kwamba shughuli yetu haina tija inayopimika.
Ismenia alitaka tuisome jukwaani.
Nikasema, jukwaa lipi, mama, tuna kreti mbili.
Akasema, basi tuisome juu ya kreti.
Tuliisoma. Watu walicheka hadi chai ikawapalia.

Vitabu tunashona wenyewe.
Majalada ni maboksi tunayookota sokoni:
ya ndizi, ya sabuni, ya tambi.
Rigoberta, aliyeandika juu ya talaka yake,
aliangukiwa na boksi la mayai,
na neno KINAVUNJIKA likakaa barabara chini ya jina lake.
Tukamwambia tutambadilishia.
Akasema, acheni,
ila niongezeeni alama ya kuuliza.

Sasa, yupo huyu Nolberto.
Miaka ishirini na sita chini ya bahari,
maana mgodi wetu uliingia chini ya maji
na samaki walipita juu ya kofia za watu.
Tangu ulipofungwa, husema kama anayelipia kila neno.
Miaka mitatu alikuja, akakaa karibu na ukuta wa moto,
kwenye kiti cha Don Eliseo, kile chenye mto mweusi,
na zamu ikimfikia, husema: Bado.
Nami naandika daftarini: Nolberto, bado.
Wiki nenda, wiki rudi.
Ukilifungua daftari letu
utadhani ndilo jina la ukoo wao.

Alhamisi iliyopita alitoa karatasi mfukoni.
Haikuwa karatasi. Ulikuwa mfuko wa mkate
uliochanwa na kunyooshwa kwa kiganja.
Mikono ile niliyoiona ikibeba mlango wa chuma peke yake
iliutetemesha ule mfuko hadi sote tukausikia.

*Nilikuwa na namba*, akasoma.
*Asubuhi naitundika msumarini, jioni naichukua.*
*Mke wangu aliijua kuliko siku niliyozaliwa.*
*Ikibaki ukutani, ndiyo kusema mimi nimebaki.*
*Sasa nina jina tu,*
*na jioni hakuna anayekwenda kutazama msumari.*

Hakuna aliyepiga makofi.
Na sisi tunapiga makofi kwa lolote,
hata kwa shairi la paka wa Ismenia, lenye beti thelathini.
Upande wa pili mikate ilikuwa inaungua,
tuliisikia harufu,
na hakuna aliyeinuka.

Nolberto akauliza, hili ni shairi?
Kijana Yerko, anayesahihisha mizani ya kila mtu,
alifungua mdomo,
akaufunga,
akaenda kumtafutia sukari.

Saa tano nilirudisha viti vya watu.
Don Eliseo akahesabu, akahesabu tena: vinne.
Nikamwambia cha tano kina mtu.
Akatazama saa. Akatazama mvua.
Nani, akauliza, na nilipomtajia
alikaa kimya kidogo, kisha akasema
kesho ana mazishi saa nne, watu wachache,
na kwamba yule bwana asiuloweshe mto.