Tarehe Tupu

Watahini waliniuliza swali moja:
kwa nini rejista ya Pongwe, miaka arobaini ya mvua,
ina mstari mmoja mtupu?

Nilikwisha kujibu mengi.
Joto la bahari, mgandamizo wa hewa,
vimbunga vinavyopinda kwenda kusini
na jinsi vinavyoanza kusahau kupinda.
Hayo niliyasoma kwa chemli, kisha kwa mkopo,
kisha kwa kompyuta ya kuazima.

Rejista aliiandika Bi Mwanaidi Sekiete,
karani wa shamba la mkonge.
Kila siku, saa tatu kamili asubuhi,
aliinamia kipimamvua, akafumba jicho moja,
akaandika milimita kwa wino wa bluu.
Siku alipomzika baba: kumi na mbili nukta nne.
Siku niliyozaliwa: sifuri.

Mstari mtupu ni wa usiku ule
bati letu liliporuka likaangukia mkongeni
na maji yakapanda hadi kitandani.
Kipimo kilikuwa uani, hatua thelathini.
Mimi nilikuwa juu ya meza, nalia.

Kitaalamu, pengo kama lile huzibwa.
Unachukua wastani wa majirani, Muheza na Amboni,
unatia namba,
grafu inapita bila kuchechemea.

Sikuliziba.
Chini ya jedwali niliandika, kwa herufi ndogo:
mpimaji alikuwa amebeba mtoto.

Mtahini wa nje alivua miwani, akaifuta.
Akauliza kama chanzo hicho kinathibitika.

Nikamwonesha safu ya nyuma,
karibu na mlango:
yule pale, mwenye kanga ya kijani,
anayesinzia.