Jiwe la Mizani

Nilimuuliza Daktari Mwachofi: paka huishi miaka mingapi?
Akavua miwani, akaifuta.
"Paka wa wapi? Wa Marikiti, au wa godoroni?"

Walizaliwa wanne, ndani ya sanduku la chai
juu ya kabati la marehemu mke wangu,
mwaka ule Mishi alipoingia darasa la kwanza.
Mishi ndiye aliyewapa majina, yote ya jikoni:
Bizari, Kachumbari, Siki, Samli.

Bizari hakufikisha mwaka.
Tuktuk, pale Kibokoni, saa ya watoto kutoka chuoni.
Dereva alishuka akamfunika kwa gazeti,
akanipa mkono wa pole kama kafiwa yeye.

Kachumbari alimla panya
aliyekuwa ameshakula sumu ya jirani.
Kifo cha mwenyewe kikapitia kwa mgeni.

Siki alikuwa shume, shume hasa.
Alilijua kila bati toka Kuze hadi Mlango wa Papa,
akirudi nyumbani sikio moja pungufu,
ananuka samaki wa watu na ugomvi wa majike.
Miaka minne. Jeraha moja likatunga usaha,
akaenda kujificha, na kujificha kwake
hatukukujua mwisho.

Samli tulimhasi.
Bi Mwanakombo wa chini alininunia wiki nzima:
"Umemdhulumu kiumbe, nawe una mtoto!"
Nikatia wavu dirishani, ghorofa ya pili.
Sindano kila mwaka. Maziwa nikamkatia.
Nikajifunza kumsugua meno,
alama bado ninayo kidoleni.
Na kila siku ya pili ya Mfungo Mosi
nilimpeleka akapimwe dukani kwa Shebwana.
Nimekuwa karani wa bandari; nisipoandika, silali.

Mwaka wa tano: kilo nne na robo.
Wa kumi: kilo tano kamili,
Shebwana akauliza, hii nauza bei gani?
Wa kumi na sita: tatu.
Mwaka huu, wa kumi na minane: mbili na robo,
na Mungu anisamehe,
kidole changu kilikuwa kimeegemea sahani.

Sasa anakunywa maji kama aliyetoka Lamu kwa miguu.
Figo, amesema daktari. Hakusema lini.

Mishi hupiga simu kutoka Maskati.
Hanisalimu kwanza.
"Samli yupo?"
"Yupo."
Ananyamaza, nami nasikia anachohesabu:
kabati lipo, sanduku la chai lipo,
mtu aliyelipanga kabati lile, karibu yupo.

Watu husema roho ya paka, roho saba.
Mimi na kalamu yangu tumeona moja tu,
ikipunguzwa na barabara, na sumu, na jino la mwenzake,
na ikiachwa, ikipungua yenyewe.

Lakini jioni hukaa kwenye wavu
akitazama mabati aliyopita Siki,
mkia wake ukiandika kitu nisichokisoma.
Minne ya mabati, kumi na minane ya dirisha:
Shebwana hana jiwe la kupimia hilo.

Juzi niliung'oa wavu.
Akatoa kichwa. Akanusa Mombasa yote,
mahamri ya Bi Mwanakombo, moshi, mtaro.
Kisha akageuka, polepole,
akaja kuomba maji.