Fulana ya Baba

Kidato cha kwanza, pale Pasua, Kiingereza kilikuwa kibao:
duara la mninga, kamba ya katani,
shingoni mwa aliyeponyokwa na "naomba kalamu."
Mimi nililala nacho siku tatu.
Mama akanipaka mafuta ya mgando penye mchubuko
bila kuuliza, maana na yeye angeulizia nini.
Darasa zima tukawa mabubu.
Mtu na akili zake alijikojolea
kuliko kuomba ruhusa akakosea.

Ndipo akaja Mwalimu Nakijwa kutoka Usangi,
mfupi, mwenye mafua ya chaki yasiyoisha.
Akakivua kibao shingoni mwa Elirehema,
akakijaribu kwenye mdomo wa mtungi wa maji.
Kikaenea.
"Kimepata kazi," akasema, akafungua dirisha.

Halafu, kwa Kiswahili, nasi tukatazamana:
"Ijumaa njooni na nguo za nyumbani.
Zenye maandishi."

Mitumba ya Memorial, nani hana?
Tulikuja vifua vimejaa barua
tulizozivaa miaka bila kuzifungua.
Elirehema, kumbe, alikuwa zimamoto wa mji wa mbali.
Mbonea alikimbia mbio za kuchangia wagonjwa wa figo
mwaka ambao hakuna kati yetu aliyekuwa amezaliwa.
Na Anaeli, ambaye hata kukohoa alikohoa kimya,
kifua chake kilifoka:
Usinisemeshe Kabla Sijanywa Kahawa.
Anaeli wa Kibosho!
Kwao wanalima kahawa, wanakunywa chai ya rangi.

Zangu hazikuwa na neno. Nilibeba ya baba,
ya waridi iliyopauka, maua mabegani,
anayoivaa kupakua magunia Mbuyuni.
Nikasimama mbele na kamusi isiyo na jalada.
Neno la kwanza. La pili. Jasho.
Bibi.
Bora.
Duniani.

Darasa likaanguka. Nami nikaanguka nalo,
mara ya kwanza kipindi kile kufumbua mdomo.
Mwalimu hakucheka. Alipenga kamasi, akauliza:
"Mjukuu gani aliinunua? Huyo bibi yu hai?
Mwandikieni."
Tukamwandikia, kurasa mbili mbili, kwa lugha yake.
Nilikosea nyakati zote:
bibi nilimweka kesho, baba nikamweka jana,
na mwalimu akachora alama moja tu, pembeni,
pale nilipomuuliza kama alikuwa na ndevu.

Jioni baba alikuwa akinawa miguu.
"Baba, unajua umeandikwa nini kifuani?"
Akainamisha kidevu, akajisoma kichwa chini miguu juu.
Nikamwambia.
Kimya. Maji yakaendelea kumwagika.
"Bora wa mtaa?"
"Wa dunia."
"Basi na kesho naivaa."

Muhula ule nilipata thelathini na nane. Sikufaulu.
Lakini Jumatatu baba alirudi na kipande cha mfuko wa saruji,
ameandika kwa mkaa herufi zake za kunakili,
zimepinda kama misumari iliyong'olewa.
"Na hii inasemaje? Imo kwenye kila gunia.
Nimeibeba miaka tisa."

Nikaisoma mara mbili, nisije nikakosea.
"Inasema: Msitumie kulabu."

Akageuka polepole kuitazama kulabu yake
pale ukutani, inang'aa kwa kazi.