Aliyebisha Mlango

Jina langu lilipita mwisho kabisa, baada ya mafundi wa taa,
mbio mbio, mama hakuwahi kulimaliza.
Lakini ile hodi iliyofungua *Kodi ya Mwezi* kila Jumatano usiku,
ngo ngo ngo, kimya, ngo,
ilikuwa ya ngumi hii.
Nilibisha mlango uliosimama peke yake studioni,
hauna nyumba mbele, hauna nyumba nyuma,
na toka Kaloleni hadi Kangemi watu wakatuliza sufuria.

"Mwenyewe hayupo!" alijibu Bi Tashtiti toka ndani.
"Na anayejibu ni nani?" akanguruma Bwana Kufuli.
Basi.
Maneno sita, tukala kwayo miaka kumi na mmoja.

Sasa nina sitini na nane, na kanda hazipo:
shirika lilirekodi mpira juu yake.
Wanaokumbuka hubishana kwa kinyozi,
huyu anaapa koti la Kufuli lilikuwa jekundu, yule anaapa la kijani,
na kwao wote picha ilikuwa nyeusi na nyeupe.
Lilikuwa la kahawia. Kifungo cha pili nilikishona mimi.

Hezron Odipo, mlevi wetu, hakuwa mlevi.
Chupani tulimtilia chai ya rangi.
Ila kila alikoingia, Makadara, Burma, hata harusini kwa shemejiye,
mtu alimsukumia bia apate kumwona akipepesuka.
Miaka mitatu alikataa.
Wa nne alichoka kukataa.
Siku ya kumzika jeneza lilikwama mlangoni
kama lile kabati la kipindi cha ishirini,
na sisi waombolezaji, Mungu atusamehe, tukacheka,
mjane wake wa kwanza kuanza.

Domitila Mbinya anauza mapazia soko la Uhuru.
Mteja akimwita Tashtiti, anaongeza shilingi mia,
na analipwa.
Mimi aliniuzia kwa bei ya jana,
akakataa kabisa kuzungumza habari za jana.

Na Kadogo, aliyefichwa uvunguni kila mwisho wa mwezi,
ana mvi, ana miwani ya kamba,
ana dirisha lake katika ofisi ya vizazi na vifo.
Karatasi za Odipo zilimfikia yeye.
"Kazi ya marehemu?" akauliza, kama anavyowauliza wote,
na mjane akatazama chini.
Mkubwa wake akasema, andika hana kazi.
Akaandika MWIGIZAJI, kwa herufi kubwa,
akagonga muhuri mara tatu, akatulia,
akagonga tena.

Nilikuwa nimemwacha Zablon Kisia wa mwisho.
Runingani alimiliki ploti nzima, vyumba kumi na viwili na choo kimoja.
Sasa anakaa Kariobangi Kusini, kwa bintiye Jerida,
aliyenionya kwa simu nisitarajie mengi:
siku hizi anamwita kwa jina la mamake,
anaweka viatu ndani ya friji,
anauliza treni ya Kisumu inaondoka saa ngapi.
Nilipanda ghorofa tatu nikipumzika kila ngazi ya saba.
Mlango wa chuma, rangi ya buluu inabanduka.
Huu una nyumba nyuma yake:
nilisikia maji ya bomba, nilisikia redio ikisoma matangazo ya vifo.
Nikakunja ngumi. Vidole havikunjiki vizuri tena.

Ngo ngo ngo.
Ngo.

Redio ikazimwa.

"Mwenyewe hayupo!"

Sauti ni yake. Mstari si wake.
Nikageuka kumtafuta wa kumjibu,
palikuwa na ndoo ya mtu na kamba ya nguo.
Miaka kumi na mmoja sikupewa hata neno moja.
Nikakohoa, nikasogeza mdomo karibu na kitasa:

"Na anayejibu ni nani?"

Ndani, kandambili zikaanza kuja,
zikasimama,
zikaanza tena.