Kidole Gumba cha Semhando

Jumanne mwiba wa katani ulimchoma,
ncha nyeusi, haizidi punje ya mpunga.
Akakinyonya kidole, akatema, akaendelea kukata:
mafungu yalikuwa bado sabini
na nyapara hana sikio la mwiba.

Ijumaa kidole kimeumuka kama andazi, kinapwita.
Amekuja kutoka Pongwe ameupakata mkono
kama mtoto wa jirani,
mama nyuma yake na kikapu na chupa ya chai.

Nimemtoa damu mimi mwenyewe, dada yake,
nikalitandaza tone kwenye kioo, nikalipa rangi,
nikazima feni, nikainamia hadubini.
Dirisha la maabara, hapa juu Bombo, linatazama bandari.
Mimi siitazami.

Nyekundu ni visahani vilivyobonyea katikati, maelfu.
Na kati yao hao tunaowaita weupe,
jina tu, maana chini ya rangi ni zambarau,
kiini kimefungwa mafundo matatu, manne,
kama pembe ya kanga iliyofichwa nauli.

Nahesabu. Kila aina na kitufe chake,
mia ikitimia kengele inalia.
Themanini na nne ni wa mafundo.
Wamo na wachanga, fundo bado halijafungwa,
wametolewa ubohoni kabla ya siku zao.

Hawakuagwa.
Walikwenda na damu wakinusa kidonda,
wakajibana, wakapenya ukuta wa mshipa
pasipo mlango, pasipo hodi,
wakameza.
Ameze wangapi, mwisho hufa navyo tumboni.
Aliyetoka alfajiri
huenda asijue kuwa kuna Jumapili.

Mama yuko mlangoni:
"Usaha ule, mwanangu, uchafu ule, ukamuliwe utoke."
Nimesema ndiyo, mama.
Sikumwambia kuwa uchafu ule ni maiti,
na wengi ni wa upande wetu,
wamelala juu ya waliowaua;
na homa anayoipoza kwa kitambaa cha maji
ni mbiu yao ya mgambo,
nayo ikilia ina jambo.

Daktari amepasua.
Beseni nimelitazama kupita inavyonipasa.

Jumanne ya pili hesabu imeshuka,
kutoka elfu kumi na tisa hadi elfu nane.
Huko shambani karani ameandika kwenye daftari:
Semhando, siku nne, hayupo.
Ndani ya damu yuko karani mwingine,
mdogo, mviringo, kiini kimemjaa mwili mzima,
naye anaandika sura ya mgeni aliyepita,
ijapokuwa naye husahau,
na wageni hubadili kanzu.

Semhando ananiuliza kama shamba litatoa glovu.
Hilo maabara haipimi.

Ameondoka na mama, kidole kimefungwa bandeji nyeupe.
Vioo vya wiki iliyopita nimeviosha vyote.
Chake bado.